Nilivyoipima pawabenki yangu ya "elfu thelathini"

Kazi yangu ni kukusanya takwimu. Napewa kishikwambi, dodoso na orodha ya kaya, naingia vijijini siku kumi au zaidi. Kishikwambi kikizima, kazi imesimama. Ndiyo maana mwaka juzi, kabla ya safari ya Kondoa, nilipita Kariakoo nikanunua pawabenki iliyoandikwa 30,000 mAh (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) kwa shilingi 25,000. Muuzaji akabonyeza kitufe, taa zote nne zikawaka. "Dada, hii wiki nzima hugusi umeme." Nikaamini, maana hesabu ilikaa sawa kichwani: betri ya kishikwambi ni 5,100, basi elfu thelathini itakijaza zaidi ya mara tano.

Siku ya pili kijijini ilikitoa kishikwambi asilimia 12, ikakifikisha 65, ikazima. Nikadhani labda sikuijaza vizuri. Nikaiacha kutwa nzima kwenye kibanda cha kuchajia simu, penye sola, kwa shilingi 500. Matokeo yakawa yaleyale. Siku ya nne nilikuwa kwa bibi mmoja, tumefika kwenye magunia ya mahindi aliyovuna, kioo kikawa cheusi mkononi mwangu. Alikuwa ameacha kupalilia ili anijibu. Kesho yake nilirudi kwa miguu, tukaanza dodoso upya kuanzia swali la kwanza. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliporudi Dar nikaenda kwa fundi simu wa mtaani kwetu Mbagala. Hakuniambia kama ni feki au og. Alitoa kidude kidogo kama kidole gumba, kinachochomekwa kwenye tundu la USB, kina kioo kinachoonyesha volti, ampia, na chini yake mAh zinazohesabiwa kadiri umeme unavyotoka. Upande wa pili akachomeka resista, kifaa kinachokula umeme na kuugeuza joto, inayovuta ampia 1 bila kupanda wala kushuka. Nikauliza kwa nini asichomeke simu tu. Akasema simu inavuta sana ikiwa tupu na kidogo ikikaribia kujaa, halafu yenyewe inaendelea kula chaji, kwa hiyo hutajua umepima nini. Vitu vidogo kama spika za masikioni ndiyo kabisa: pawabenki nyingi zikiona mvuto ni mdogo mno hujizima zenyewe, ukafikiri zimeisha.

Tuliiwasha saa nne asubuhi ikiwa imejaa pomoni. Saa saba kasoro dakika kumi ikakata. Kidude kilisoma 2,800.

Hapo ndipo alinifundisha hesabu ambayo natamani ningeijua kabla ya kutoa hela. Seli za lithiamu zilizomo ndani zina volti 3.7 kwa wastani, na namba kubwa iliyoandikwa nje huhesabiwa kwa volti hizo. Kwa chaji ya kawaida simu inapokea volti 5. Sakiti ya ndani lazima ipandishe volti, na volti zikipanda mAh zinashuka. Chukua pawabenki ya kweli ya 10,000: zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata wati-saa 37, ndiyo nishati yote iliyomo. Gawanya 37 kwa 5, unabaki na 7,400 mAh. Toa zinazopotea kama joto, zitakazofika kwenye waya ni kama 6,000 hadi 6,500. Kwa hiyo anayepima yake ya 10,000 akapata 6,200 asikimbilie kusema ameibiwa. Amepata haki yake. Yangu ya elfu thelathini ilipaswa kutoa angalau 18,000. Ilitoa 2,800, yaani ndani kulikuwa na seli za kama 4,500.

Fundi aliifungua nje ya kibanda, juu ya benchi, ndoo ya mchanga ikiwa pembeni. Hakutumia kisu. Alipenyeza kadi ya plastiki kwenye ungio la ganda taratibu, maana seli ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto papo hapo. Sishauri mtu ajaribu nyumbani. Ndani kulikuwa na nafasi nne za seli za 18650, zile za duara zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Mbili zilikuwa seli, na kwenye ncha zake kulikuwa na alama za kulehemu za zamani zilizokwanguliwa, ishara kwamba zilishatumika kwenye kifaa kingine. Nafasi mbili zilizobaki zilijazwa kimfuko cha nailoni chenye mchanga mweupe laini, kimefungwa kwa gundi ya moto kisicheze. Nilikishika kile kimfuko mkononi nikakumbuka kimenibebesha uzito bure siku kumi.

Mchanga ule ndio ulionifanya nielewe kipimo cha uzito vizuri. Seli nzuri ya 18650 ina uzito wa kama gramu 46, na zenye uwezo mkubwa ni za mAh 3,500 hivi. Elfu thelathini inataka seli tisa kama hizo, sawa na zaidi ya gramu 400 kabla ya ganda na sakiti. Jirani yangu anayeoka keki aliniazima mizani yake: yangu ilikuwa gramu 260 pamoja na mchanga. Kwa hiyo pawabenki nyepesi kuliko namba yake huhitaji hata kuipima kwa umeme, ni kimeo. Ikiwa nzito, bado hujajua kitu, kwa sababu mchanga nao una uzito.

Nilipokwenda kununua nyingine nilikuwa na simu yenye kikokotoo na dakika za kutosha za kusoma maandishi madogo. Kwenye ganda la ile niliyoichagua waliandika 10,000 mAh, chini yake 37 Wh, yaani wati-saa, na mstari mwingine kwamba uwezo wake halisi wa kutoa kwa volti 5 ni 5,800 mAh. Mtengenezaji anayekubali kuandika namba hiyo ndogo nampa imani kubwa. Zile ambazo hazina wati-saa popote, au zimeandikwa wati-saa zisizolingana na mAh zake, nilizirudisha mezani. Nililipa 45,000. Uzito wake gramu 215.

Kwa fundi ilikwenda saa sita na dakika sita, kidude kikasoma 6,100. Nyumbani nilirudia kwa kidude changu na resista nilizonunua, nikapata 5,200 nikashtuka. Nusura niisingizie. Kumbe nilikuwa nimeweka waya uliolegea kati ya pawabenki na kidude: ulipoacha kugusa vizuri, pawabenki ikaona hakuna mvuto, ikajizima kabla ya wakati. Nilipokichomeka moja kwa moja, 6,100 ikarudi. Tangu hapo kabla ya kulaumu betri naangalia waya kwanza.

Mdogo wangu aliyeko Maskati aliniandikia anataka kuniletea ya 50,000. Nilimwambia apige hesabu: mara 3.7 ni wati-saa 185. Mashirika mengi ya ndege huruhusu hadi 100 kwenye begi la mkononi bila kuuliza, na kati ya 100 na 160 kwa kibali chao. Zaidi ya hapo haipandi. Kama namba ni ya kweli ataiacha uwanjani, kama ni ya uongo ananiletea mchanga. Akaniletea ya 20,000, ambayo ni wati-saa 74, na imepima 12,300.

Sasa kila nikipima naandika kwa rangi ya kucha nyuma ya ganda, namba na mwezi. Ile ya kwanza nzuri ilianza 6,100, mwezi uliopita ilikuwa 5,800. Kukijaza kishikwambi mara moja kunakula kama 4,600, kwa hiyo siku itakaposhuka chini ya 5,000 itabaki ya nyumbani, ya taa na simu umeme ukikatika, na Kondoa nitakwenda na nyingine.