Posho ya Mtoto na Sisi Tulioingia Uingereza kwa Viza ya Kazi

Jumamosi iliyopita alinitembelea hapa Leicester dada mmoja kutoka Kilifi, muuguzi kama mimi, mwenye ujauzito wa wiki 24. Kabla hajagusa chai niliyommiminia, alifungua mkoba wake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo yake ikaanza kuchanika. Ilikuwa MATB1, yaani cheti ambacho mkunga humpa mjamzito kuthibitisha wiki anayotarajiwa kujifungua. Alikuwa amekaa nacho wiki tatu bila kumwonyesha mtu yeyote kazini.

Nilipomuuliza sababu, alinieleza kwamba mwenzake mmoja alimwonya asithubutu kuomba malipo ya likizo ya uzazi, kwa kuwa viza yake inamkataza kupokea fedha za umma na jambo hilo lingemharibia ombi la ukaazi wa kudumu. Mwingine, kwa nia njema vilevile, alimshauri kwamba mtoto akizaliwa tu ajaze fomu ya posho ya mtoto bila kusita, kwa sababu analipa kodi kama Waingereza wenyewe. Ushauri wote wawili ulikuwa wa makosa. Wa kwanza ungemkosesha haki yake, na wa pili ungemtia matatani.

Ninaandika haya kwa sababu tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano ya kuajiri wahudumu wa afya mwaka 2021, nimekutana na akina mama wengi wenye maswali haya haya, na wengi wao huulizana wao kwa wao usiku wa zamu, mahali ambapo jibu la kwanza kusikika ndilo linaloaminiwa.

Viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, pamoja na ile ya wahudumu wa afya, hutolewa kwa sharti la kutotumia fedha za umma. Msingi wake ni kifungu cha 115 cha Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya mwaka 1999, kinachomnyima mtu aliye chini ya udhibiti wa uhamiaji mafao kadhaa yaliyotajwa kwa majina. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. “Fedha za umma” katika sheria hii hazimaanishi kila senti inayotoka serikalini, bali ni orodha maalumu. Ndani yake imo posho ya watoto ambayo hapa huitwa Child Benefit, umo msaada wa kipato unaoitwa Universal Credit, na umo msaada wa kodi ya nyumba. Malipo ya uzazi hayamo. Matibabu ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, hayamo, wala shule ya serikali haimo. Malipo ya ugonjwa yanayotolewa na mwajiri nayo hayamo.

Kwa hiyo dada yangu huyu ana haki kamili ya malipo ya uzazi, maadamu amemfanyia kazi mwajiri wake kwa wiki 26 mfululizo kufikia wiki ya 15 kabla ya wiki ya kujifungua, na mshahara wake haujashuka chini ya kiwango kilichowekwa. Yeye ana zaidi ya mwaka mmoja na nusu kazini. Kwa wiki 6 za kwanza atalipwa asilimia 90 ya wastani wa mshahara wake, kisha kwa wiki 33 zinazofuata atalipwa kiwango kisichobadilika, ambacho katika mwaka wa kodi wa 2025/26 kilikuwa pauni 187.18 kwa wiki, au asilimia 90 ikiwa hiyo ndiyo ndogo. Asiyetimiza masharti hayo huweza kuomba posho nyingine ya uzazi iitwayo Maternity Allowance, ambayo pia haimo katika orodha iliyokatazwa. Mimi mwenyewe, nilipopata mtoto wangu wa kwanza, karani wa mishahara mahali nilipofanya kazi wakati huo aliniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba wenye viza hawalipwi. Nilimwamini kwa siku kumi na moja. Ninazikumbuka kwa idadi kwa sababu kila usiku nilikuwa nikipiga hesabu ya kodi ya nyumba.

Posho ya mtoto ni suala jingine. Katika mwaka wa kodi wa 2025/26 ilikuwa pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na pauni 17.25 kwa kila anayefuata, na kwa mtoto mmoja hiyo ilizidi pauni 1,350 kwa mwaka. Kwa mzazi ambaye viza yake ina sharti lile, jibu ni kwamba haruhusiwi kuidai. Kinachotazamwa ni hadhi ya mzazi anayeomba, si mahali alipozaliwa mtoto. Wapo wanaodhani kwamba mtoto aliyezaliwa hapa ni Mwingereza moja kwa moja, lakini tangu tarehe 1 Januari 1983 sivyo ilivyo, isipokuwa mzazi mmoja awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu wakati mtoto anapozaliwa. Na hata mtoto akiwa raia, uraia wake haumpi mama yake ruhusa ya kujaza fomu kwa jina lake mwenyewe.

Hali hubadilika mmoja wa wazazi akiwa raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Huyo anaweza kuidai posho kwa jina lake, na mwenzake mwenye viza hahesabiwi kuwa amevunja sharti, kwa sababu kiasi hakiongezeki kutokana na kuwapo kwake. Nimewaona mama wawili walioolewa na raia wakiiacha posho hiyo kwa woga mtupu, na inaniuma, kwa kuwa fedha hairudishwi nyuma zaidi ya miezi mitatu tangu siku ya kuomba.

Anayedai bila ruhusa anaweza kutakiwa kurudisha fedha zote, na Wizara ya Mambo ya Ndani inaweza kulihesabu jambo hilo kuwa uvunjaji wa masharti ya viza anapoomba kuongezewa muda. Fomu ikikubaliwa haina maana kwamba ulistahili. Aliyegundua kwamba amepokea kimakosa na aandike mara moja kuomba isimamishwe, kisha atafute mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, badala ya kungoja ofisi ndiyo igundue.

Sitaficha maoni yangu. Ninaona si haki kwamba mtu anayekatwa kodi ya mapato na Bima ya Taifa (mchango wa pensheni na mafao uitwao National Insurance) kila mwezi, na ambaye watoto wake wanakua katika mtaa huu huu, akae miaka mitano bila posho ambayo jirani yake anaipata. Mwaka 2025 serikali ilitangaza mpango wa kurefusha kwa wengi muda wa kungojea ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 hadi 10, na miaka 10 ni karibu utoto wote wa mtoto. Tena hasara si posho yenyewe tu. Mzazi anayekaa nyumbani na mtoto mdogo hukosa alama za Bima ya Taifa zinazoambatana na posho hiyo, ambazo ndizo zinazojenga pensheni yake. Na hapa England, saa 30 kwa wiki za malezi ya bure kwa wazazi wanaofanya kazi, ambazo tangu Septemba 2025 zinaanzia mtoto akiwa na miezi 9, zinahitaji angalau mzazi mmoja awe na ruhusa ya fedha za umma. Wazazi wawili wenye viza hulipa ada yote mpaka mtoto afikishe miaka 3, ndipo wapate saa 15 zinazotolewa kwa watoto wote. Wauguzi wawili ninaowafahamu hupishana zamu mlangoni, mmoja akiingia na mwingine akitoka, mtoto akipokezwa kutoka mkono hadi mkono.

Nilimweleza mgeni wangu haya yote huku tukiandika pembeni ya gazeti la matangazo. Fomu ya posho ya mtoto tuliiweka kando, kwa sababu mumewe naye yuko kwa viza inayotegemea ya kwake. Cheti cha mkunga tulikinyoosha kwa kiganja juu ya meza tukakitia ndani ya bahasha, maana mwajiri anatakiwa kuarifiwa angalau wiki 15 kabla ya kujifungua na yeye alikuwa amebakiwa na wiki moja. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuanza zamu, alimkabidhi msimamizi wake bahasha hiyo, na mchana akanitumia picha ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.