Tafakari ya wiki: Nani kasema shaba haina vigelegele

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Poleni na mashamba, najua wengi hapa Masasi saa hizi mna vumbi la salfa ya kupulizia mikorosho mpaka kwenye kope, sitawachelewesha sana (nimesema sana, sijasema kabisa). Somo letu Nehemia 8:9-12, ila anzia nyuma kidogo, sura ya 7 mstari wa 4, ule mstari tunaourukaga tukidhani ni maelezo tu. Unasema mji wa Yerusalemu ulikuwa mkubwa na nafasi ipo, lakini watu ndani yake wachache na nyumba zilikuwa hazijajengwa. Uweke kichwani huo.

Sasa twende mbali. Kuna mchezo unaitwa hoki ya barafu. Sio barafu ya kuwekea samaki pale feri Mtwara jmn, ni uwanja mzima barafu, watu wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini wanateleza kwa spidi ya kutisha, wameshika fimbo wanagombea kidude kigumu cha mpira mweusi, sita kwa sita ukimhesabu na golikipa, vipindi vitatu vya dakika ishirini. Kugongana ni ruksa, tena wanagongana kweli.

Mwaka 2023 mashindano ya dunia ya mchezo huo yaliandaliwa na nchi mbili kwa pamoja, Ufini na Latvia. Latvia ni kanchi kadogo kaskazini ya Ulaya, walikuwa chini ya Wasovieti mpaka 1991, watu wake hawafiki milioni mbili. Sisi Mtwara na Lindi tukijumlishwa kwa sensa ya 2022 tumepita milioni mbili na laki nane, kwa hiyo ukisikia timu ya taifa ya wale watu jua wametokea kwenye idadi ambayo mikoa yetu miwili inaizidi. Na hawakuwahi kupata medali yoyote ya mashindano hayo, hata ya kuokota.

Mechi ya kwanza, nyumbani kwao Riga, mbele ya ndugu na jamaa, Kanada wakawapiga sita bila. Sita! Hapo wengi wetu ndo tungeanza "si tuliwaambia". Wao wakakaza, wakapenya mpaka robo fainali, wakamtoa Uswidi 3-1, na Uswidi kwenye huo mchezo ni mtu mzito. Nusu fainali wakakutana na nani? Kanada tena, wakachapwa 4-2. Ndoto ya dhahabu ikafia mikononi mwa walewale waliowaanzia na kipigo.

Kesho yake tarehe 28 Mei, Jumapili, tena kwa kalenda yetu ilikuwa Pentekoste, wanatakiwa waingie uwanjani kule Tampere kutafuta mshindi wa tatu. Mnazijua hizi mechi, hata kwenye mpira wetu ikifika mshindi wa tatu watu wanainuka kwenye kibanda umiza wanaenda kula. Na mpinzani ni Marekani, ambaye kwenye makundi alishinda mechi zake zote. Marekani wako mbele 3-2, kipindi cha mwisho kinayoyoma, beki wa Latvia anaitwa Kristiāns Rubīns akasawazisha, wakaenda muda wa nyongeza, hata dakika mbili hazijaisha likaingia lingine, mfungaji nani, Rubīns yuleyule. 4-3. Beki wapendwa, mtu ambaye kazi yake ni kuzuia! Na golikipa wao Artūrs Šilovs, kijana wa miaka 22, ndo akatajwa mchezaji bora wa mashindano mazima wakati ubingwa umekwenda Kanada.

Ila kilichonifanya niandike sio magoli. Usiku uleule bunge lao likaitishwa kwa dharura karibu na saa sita usiku (saa zao miezi hiyo zinalingana na zetu, kwa hiyo ww ulikuwa unakoroma), wabunge wengine wamekuja na jezi ya timu mwilini, wakakaa kidogo tu wakapitisha kwamba kesho Jumatatu ni sikukuu ya taifa. Kwa nafasi ya tatu. Kwa shaba! Asubuhi ikawa na mkanganyiko wake maana kuna watoto wana mitihani, kuna wenye miadi hospitali, waajiri nao wananung'unika, na mimi ningekuwa na mgonjwa siku ile ningenung'unika vilevile siwezi kuwadanganya. Lakini watu walifurika katikati ya Riga kwenye Mnara wa Uhuru kuwapokea wale vijana utadhani wamerudi na dhahabu mbili.

Sasa rudi Yerusalemu. Ukuta wa mji, ule Nehemia aliosimamia kuujenga upya, umekamilika kwa siku 52, tarehe 25 ya mwezi Eluli (6:15). Siku chache tu baadaye, siku ya kwanza ya mwezi wa saba, watu wote wamekusanyika mbele ya lango la maji, Ezra anasoma torati tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na watu wanalia. Sababu wanayo, wameisikia sheria wakajipima wakaona wamepungua kila mahali. Viongozi wetu wa siku hizi wangesema lieni, lieni zaidi, hiyo ndo toba. Nehemia na Ezra na Walawi wakakataza kilio. "Enendeni zenu, mle kilichonona, mkanywe kilicho tamu, tena mpelekeeni sehemu yeye asiyewekewa kitu, maana siku hii ni takatifu kwa Bwana wetu, wala msihuzunike, kwa kuwa furaha ya Bwana ni nguvu zenu." Hii ni amri kabisa, watu wanaamrishwa wakafurahi, na wakati huo nyumba ndani ya mji bado (ule mstari wa 7:4), wakazi wachache, na ukuta wenyewe adui yao Tobia alishaukejeli kwamba mbweha akipanda tu unabomoka (4:3). Hakuna aliyesema tusubiri kwanza tumalize nyumba halafu ndo tuchinje.

Sisi kwetu padre akiuliza nani ana shukrani kanisa linakuwa kimya mpaka unasikia popo darini. Tunasubiri mtu anunue bodaboda, mtu aezeke bati, mtoto achaguliwe chuo. Msimu wa 2024 korosho mnadani ilivuka elfu nne kwa kilo, mnakumbuka shangwe za mwaka ule, na tangu hapo bei ikitajwa pungufu ya hiyo hata kama imelipa ada na deni la pembejeo likaisha, mtu ananuna kama vile Mungu kamdhulumu. Hata kwenye Ezra 3:12 wapo wazee walioiona nyumba ya kwanza ya Mungu, msingi wa pili ulipowekwa wao wakalia kwa sauti kuu huku wengine wanashangilia. Siwalaumu wale wazee, waliona kikubwa kweli. Ila msingi ulikuwa umewekwa pale, machoni pao.

Kwenye ibada ya mavuno iliyopita, ule mnada baada ya ibada, kuku wameisha, mikungu ya ndizi imeisha, ikabaki korosho kwenye kimfuko cha khaki, hazifiki hata kilo mbili, daraja la pili, nyingine zimesinyaa zina madoa meusi (ni sadaka hiyo, msije mkaniita kangomba, mlanguzi wa korosho). Mnadishaji kijana wetu akakinyanyua kwa vidole viwili akasema haya hizi za nani, anayetaka za kuungia mboga, watu wakacheka. Bibi mmoja safu ya nyuma akasimama, hana hata haraka, akajifunga vizuri kanga, akasema "mjukuu wangu, mwaka jana moto uliingia shambani sikuleta kitu. Mwaka huu nimeleta." Akapiga kigelegele chake mwenyewe, peke yake, akakaa. Kile kimfuko kilinunuliwa bei ya jogoo.

Najua kuna mtu atasema kwa hiyo mwalimu unatufundisha turidhike na wa tatu. Hapana. Wale Walatvia walitaka kumfunga Kanada, tena mara zote mbili, na Paulo naye anakaza mwendo kwenye Wafilipi 3. Hata timu yetu ya mpira, Namungo wa Ruangwa, mwaka 2020 walifungwa fainali ya kombe la shirikisho na Simba 2-1 kule Sumbawanga, na bado nafasi ile ile ya pili ndo ikawapeleka kucheza mashindano ya Afrika. Mtu anaweza kutaka dhahabu kwa moyo wote na jioni akaishangilia shaba aliyopewa, havigombani hivi vitu. Kinachogombana na shukrani ni kuchungulia medali ya jirani. Mimi hapo ndo naona tunapoponzeka, hasa sisi wa makamo tunaopenda kusema "enzi zile".

Alhamisi jumuiya tunakutana kwa mama mlezi saa kumi jioni. Kila mmoja aje na shukrani moja ya daraja la pili, zile za daraja la kwanza mtatoa Jumapili. Na ile sehemu ya "mpelekeeni sehemu yeye asiyewekewa kitu" tusiiruke, tukitoka pale tunapitia kwa yule mzee aliyeanguka kwenye mkorosho, mchele tayari upo, mafuta yapo, sukari na sabuni bado, mwenye chochote aniambie kabla ya Jumatano.