SUS si asilimia, jamani

Kwa mnaoanza uzamivu wa mwingiliano wa binadamu na kompyuta, hasa mnaopima programu za kufundishia: dodoso la SUS (System Usability Scale, la kupima urahisi wa kutumia mfumo), kauli 10 alizoziandaa John Brooke mwaka 1986, kila moja ikijibiwa kwa namba 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa), linaonekana jepesi mpaka siku ya kuhesabu.

Kauli za namba witiri zinasifu, za shufwa zinaponda. Kwenye witiri, toa 1 katika jibu. Kwenye shufwa, toa jibu katika 5. Jumlisha, kisha zidisha kwa 2.5. Alama inakuwa kati ya 0 na 100, ila msiiite asilimia: wastani unaotajwa sana ni 68, hivyo 60 iko chini.

Shida kubwa ni mwanafunzi aliyechoka. Anazungushia 5 kuanzia juu hadi chini bila kusoma, na hesabu inakupa 50 kamili. Akizungushia 3 tupu au 1 tupu, ni 50 vilevile! Kwa hiyo kila ukiona 50, rudi kwenye karatasi yenyewe kabla ya kuiingiza kwenye wastani.

Tafsiri nayo ijaribiwe kwanza kwa watu wachache, wakisoma kwa sauti. Kauli za kuponda msizigeuze kuwa za kukanusha; "programu hii si rahisi" huwachanganya, "programu hii ina mambo mengi mno" inaeleweka.

Na SUS haipimi kujifunza hata kidogo. Hilo linataka mtihani kabla na baada. Kibali cha utafiti (hutolewa na COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya) kiombwe mapema, ratiba ya shule haiwasubiri.