Siku Moja Maishani Mwangu: Kunyoosha Mwongozo wa Mtandao wa Wingu

Saa 12:15 asubuhi. Mwendokasi wa Kimara kwenda Kivukoni umeshajaa. Nimesimama karibu na mlango, nasoma ripoti ya zamu ya usiku kwenye simu. Mteja ana mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva zetu, kwenye mtandao mmoja. Ukipima kwa ping, amri ya kuuliza kama kompyuta nyingine inajibu, zinaitikiana vizuri, lakini akituma faili kubwa kutoka moja kwenda nyingine, linaganda. Dada wa zamu amefuata mwongozo wetu hatua kwa hatua mpaka penye sentensi hii: "Hakikisha MTU iko sawa kabla ya kuendelea." MTU ni ukubwa wa juu wa paketi moja, yaani kifurushi kimoja cha data kinachopita mtandaoni. Chini ya sentensi hiyo ameandika: "Nimekwama hapa."

Saa 1:30. Namkuta ofisini Posta kabla hajaondoka. "Kaka, iwe ngapi? Na naiangalia kwenye seva ipi?" Hayo ndiyo maswali ambayo mwongozo ulipaswa kuyajibu. Wingu letu linaendeshwa kwa OpenStack, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2010 na NASA pamoja na Rackspace, na upande wa mtandao unashughulikiwa na Neutron. Mimi ni fundi mitandao. Kuandika miongozo niliomba mwenyewe, kwa sababu sentensi isiyoeleweka humtesa mtu wa saa nane usiku, mteja akiwa kwenye simu.

Saa 3:00. Nafungua ukurasa. Nakuta ukurasa mmoja unataja 1450, mwingine 1442, na hakuna unaoeleza namba imetoka wapi. Zote mbili ni sahihi. Paketi ya kawaida ya Ethernet, mtandao wa kawaida wa nyaya, hubeba baiti 1500. Mashine pepe zikiwa kwenye seva tofauti, Neutron huifunga paketi ya mteja ndani ya paketi nyingine ili ivuke mtandao wetu. Ni kama mzigo unaopelekwa kituo cha mabasi cha Mbezi kwenda mkoani: unautia kwenye boksi lenye anwani mpya, na kwa kuwa boksi haliongezeki, mzigo wa ndani lazima upungue. Kwa VXLAN, mojawapo ya njia za kufunga paketi hivyo, kufunga huko hula baiti 50, inabaki 1450. Kwa Geneve, njia nyingine, kama inavyotumika na programu ya mitandao pepe ya OVN, Neutron hutenga baiti 58, inabaki 1442. Sisi tunatumia VXLAN, na hilo halikuandikwa popote.

Naandika hesabu yote, kutoa kwa kutoa. Msomaji akijua namba imepatikanaje, hata tukibadilisha teknolojia ataikokotoa mwenyewe.

Saa 4:00. Chai na chapati.

Saa 4:30. Kwenye seva za majaribio naiga tatizo la mteja. Neutron hutangaza MTU kupitia DHCP, huduma inayozipa mashine anwani bila kuziandika kwa mkono, ila mteja huyu aliweka anwani kwa mkono, kwa hiyo mashine zake zimebaki na 1500. Naingia ndani ya mojawapo, naipima ya pili:

`ping -M do -s 1422 10.0.0.12`

Hapo `-s` ni ukubwa wa data, na `-M do` hukataza paketi kukatwa vipande. Inajibu, maana 1422 ukiongeza baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP, yaani maelezo yanayotangulia data kwenye paketi ya ping, unapata 1450. Naweka 1472. Kimya. Hakuna jibu wala ujumbe wa kosa, na ndiyo maana tatizo hili huchosha watu. Ping ya kawaida ni ndogo, inapita bila shida, unaamini mtandao ni mzima.

Naishusha MTU ya mashine kuwa 1450, narudia 1472. Safari hii mashine yenyewe inakataa papo hapo kwamba ujumbe ni mrefu mno, na inataja 1450. Naweka matokeo yote mawili kwenye mwongozo, la ugonjwa na la kupona. Hatua isiyosema utaona nini kwenye skrini naihesabu kuwa nusu hatua.

Nikiwa hapohapo nabadilisha mifano ya anwani za nje. Kuna mtu alitumia anwani halisi za intaneti, na msomaji akinakili anaweza kugusa mtandao wa watu. Naweka 203.0.113.0/24, mojawapo ya anwani zilizotengwa mwaka 2010 kwa ajili ya nyaraka tu.

Saa 7:00 mchana. Wali samaki kwa mama ntilie.

Saa 8:00. Nampa kijana wa field, aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, ukurasa huo, nakaa pembeni bila kusema neno. Anasoma "ingia kwenye mashine", anafungua terminali ya seva ya usimamizi, anaandika amri. Haijibu. "Braza, hapa si ndiyo kwenye mashine?" Ana haki ya kuuliza. Mtandao wa mteja unaishi kwenye sehemu iliyotengwa ndani ya Linux; ukiwa kwenye terminali ya kawaida ya seva ya usimamizi, hiyo 10.0.0.12 huifikii. Inabidi uwe ndani ya mashine pepe yenyewe, au kwenye seva ya mtandao upitie `ip netns exec qrouter-…`.

Basi juu ya kila amri naweka mstari mmoja: uko wapi. Ndani ya mashine pepe. Kwenye seva ya mtandao. Kwenye seva ya usimamizi. Anarudia mwanzo, anafika mwisho bila kuniuliza kitu.

Saa 10:00 jioni. Mkuu wetu anapitia mabadiliko. Anaona ukurasa umekuwa mrefu, mafundi wanayajua haya. Namwonyesha ripoti ya usiku. Anasoma, anaidhinisha, anaagiza kurasa za ruta zifuate mtindo huohuo.

Saa 2:15 usiku. Niko nyumbani, ujumbe unaingia kutoka kwa dada wa zamu. Mteja amepona, faili linapita. Halafu: "Kaka, na yule mteja ambaye swichi zake zimewekwa MTU ya 9000?" Swali zuri sana. Ukitoa 50 za VXLAN ni 8950, mradi kila swichi, kifaa cha kuunganisha mtandao, njiani iwe inakubali 9000 na Neutron iwe imeambiwa hivyo kwenye mpangilio wake wa `global_physnet_mtu`. Nafungua kompyuta, naongeza mstari kwenye jedwali, namtumia aukague kabla wateja hawajaanza kupiga.