Usiku niliotazama Marty, Bronx

Februari 2008 nilikuwa nalala Bronx, jijini New York, siku tatu kwa wiki, katika nyumba isiyo yangu. Nilikuwa namtunza bibi mmoja wa Kiitaliano, mjane wa miaka themanini na kitu, miguu imegoma lakini ulimi mzima. Alikaa ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka Arthur Avenue, mtaa ambao Waitaliano wa Bronx wameushikilia kwa mikate, jibini na nyama zinazoning'inia madirishani. Nilimwita Signora, ndivyo alivyotaka mwenyewe. Yeye aliniita binti, na siku akiamka vibaya aliniita "wewe wa Afrika".

Kila Jumamosi alinituma kwenye soko la ndani, lile ambalo meya La Guardia alilifungua mwaka 1940 ili wachuuzi wa mikokoteni watoke barabarani. Mara ya kwanza aliniandikia soseji za nguruwe. Nikamwambia, Signora, mimi Mwislamu wa Tanga, hiyo sishiki. Akaguna, akakata kwa kalamu, akaandika kuku. Hatukuliongea tena.

Jumamosi ninayoikumbuka ilianguka theluji tangu mchana. Usingizi ulimpaa, akaniambia nifungue droo chini ya televisheni nitoe diski fulani. Kwenye kasha kulikuwa na bwana mnene mwenye uso mpana. "Hii ni ya kwetu," akasema. "Mitaa utakayoiona ni hii hii."

Sinema yenyewe ni Marty, ya mwaka 1955, rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, na haizidi sana saa moja na nusu. Nilijiandaa kusinzia. Sasa sikia inavyoanza: muuza nyama wa miaka 34 anawakatia wateja buchani, na akina mama wale hawana habari na nyama. Mdogo wako ameoa juzi, na wewe je? Utaoa lini? Huoni haya? Nikajikuta nimekaa wima. Nilidhani nimekuja kuangalia Marekani, kumbe wamenirudisha Tanga, mtaa wa Ngamiani, kwa akina shangazi.

Mcheza mkuu ni Ernest Borgnine. Signora alikuwa na kesi naye ya zamani, maana miaka miwili kabla, katika sinema nyingine, alikuwa amecheza sajenti katili aliyempiga Frank Sinatra, mwimbaji wa asili ya Kiitaliano, mpaka ikawa sababu ya kifo chake. Kwa Muitaliano wa Bronx hilo halisameheki hata kama ni sinema. "Lakini hapa," akasema, "hapa nilimsamehe." Kuna mahali Marty anampigia simu msichana aliyekutana naye zamani kidogo, anaomba watoke pamoja. Sisi hatumsikii msichana. Tunamwona Marty tu, kamera inamsogelea taratibu, na kila jibu la upande wa pili linatua usoni kwake. Anaendelea kuongea kwa adabu kabisa. Mimi nimeona wanaume wakilia kwenye sinema za Kihindi mpaka kanzu zinalowa, lakini ule uso ulinishinda.

Mama yake anamhimiza aende ukumbi wa dansi wa Stardust, kwa kuwa kasikia huko kumejaa nyanya. Signora akanifafanulia kwamba nyanya maana yake wasichana warembo. Nikacheka hadi akasimamisha diski. Nikamweleza kwamba kwetu nyanya ni ya mchuzi, na wako Waswahili ambao nyanya kwao ni mama mzaa mama. Akafikiri kidogo. "Basi twende wote Stardust," akasema, "mimi nitapata soko."

Huko ukumbini Marty anafuatwa na kijana mmoja aliyeletewa msichana asiyempenda. Msichana ni Clara, mwalimu wa sekondari, miaka 29. Kijana anampa Marty dola tano amwondolee mzigo huo, yeye akaendelee na mwingine. Marty anakataa, jamaa anatafuta mtu mwingine wa kuzipokea, na Clara anaelewa kila kitu. Anatoka nje, analia peke yake, Marty anamfuata, anamwomba wacheze. Hamwambii kwamba ni mzuri. Baadaye akishamsindikiza kwao, anatembea usiku akisubiri basi, furaha inamzidi, anakipiga ngumi kibao cha kituo cha basi na kukimbilia katikati ya magari akiita teksi. Signora alinigusa mkono kabla ya ile ngumi, nisije nikapitwa.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwandishi wake, Paddy Chayefsky, alizaliwa Bronx, na kwamba mwaka 1953 kisa hiki kilikuwa mchezo wa televisheni kabla ya kuwa sinema. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa ya Harold Hecht na Burt Lancaster, na huyo Lancaster ni mwanamume ambaye uzuri wake ulimlisha maisha yake yote, akaweka pesa kwenye hadithi ya mtu aliyejiita mnene na mbaya. Ilichukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la sinema kule Cannes, ikachukua Oscar 4, pamoja na ya sinema bora na ya Borgnine. Betsy Blair aliyecheza Clara aliingia kwenye kinyang'anyiro akatoka mikono mitupu, jambo ambalo Signora alilitaja kama wizi uliofanyika wiki iliyopita.

Lakini ugomvi wetu ulianza kwa mama. Mama yuleyule aliyemsukuma mwanawe aende dansi, akishamwona Clara, anabadilika. Si Muitaliano. Mzee. Wanawake wenye elimu hawafai. Katikati ya mambo hayo dada yake amefukuzwa kwa maneno na mkwe, amehamishiwa kwake na masanduku, na mama ameona kesho yake: mtoto akioa, yeye ataenda wapi? Nami nikasema kwa sauti, aa, huyu mama ana roho mbaya.

"Ana haki," Signora akajibu. "Msichana mwembamba mno. Na angalia umri."

"Umri wa nani? Mwanawe ana 34!"

"Mwanamume haozi."

Nikasimama, nakuambia, katikati ya sebule ya watu, na soksi zangu mbili mbili, namtetea Clara. Msichana amesoma, ana kazi, ana heshima, anamsikiliza mtu akiongea, mnataka nini zaidi? Kipenda roho hula nyama mbichi, nikamtafsiria, na huyu ni muuza nyama! Signora aliniangalia kwa raha ya mtu aliyepata mwenza wa kubishana. Halafu nikasikia sauti yangu, nikakaa.

Wiki mbili kabla, mdogo wangu wa kiume alinipigia kutoka Tanga. Ni fundi wa friji, wakati huo ana miaka 36, mnene, wa jasho jingi na maneno machache. Alisema amepata mtu. Mtalaka, ana mtoto mmoja, amemzidi miaka mitatu, anauza vitambaa sokoni. Nilimjibu neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya peke yangu: "Wanawake wa Tanga nzima wameisha, mpaka ukaokote huyo?" Akasema haya dada, akaniulizia baridi, akakata.

Mdomoni niliweka heshima ya ukoo. Moyoni ilikuwepo nyumba yangu ya Pongwe. Nilikuwa natuma hela, yeye anasimamia mafundi, ananunua saruji, ananiandikia kila mfuko wa misumari, na jioni anarudi kulala kwa mama yetu, anampa dawa. Akioa nani atalala kwa mama? Na huyo mke, mfanyabiashara wa sokoni anayejua hesabu, si ataanza kuuliza hela za saruji? Kwa hiyo alikuwa mbaya. Nilikuwa sijaona hata picha yake.

Hayo nilikuwa nayawaza huku Jumapili inapita kwenye skrini. Marty alimwahidi Clara atampigia mchana. Hapigi. Marafiki zake wanamcheka, wanamwita msichana mbwa, na Angie, rafiki yake wa chanda na pete, ndiye mkali kuliko wote kwa sababu kaachwa peke yake Jumamosi moja tu. Clara amekaa na wazazi wake mbele ya televisheni, wao wanaangalia, yeye anatokwa na machozi bila sauti. Wanaume wamesimama wanaulizana tena lile swali lao, tufanye nini leo, sijui, wewe unataka tufanye nini, mpaka Marty anawalipukia na kwenda kwenye kibanda cha simu. Angie anamfuata mlangoni. Marty anaanza kuongea na Clara, anafunga mlango. Basi, imeisha, hata hatujui mama alisemaje baadaye.

Signora alikuwa ameshalala, mdomo wazi. Nikamfunika. Saa tano usiku kwetu Bronx, Tanga ni saa moja asubuhi. Nikatoa ile kadi ya simu ya dola tano, zile za kukwaruza namba kwa sarafu.

Aliipokea mlio wa kwanza. "Dada, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Mbona alfajiri?"

"Mama hajambo?"

"Hajambo, yuko uani. Dada, sema tu."

Niliyokuwa nimeyapanga yote yalinikimbia. Nikauliza, "Wifi yangu yupo hapo?"

Akanyamaza. Nikamsikia jogoo wa jirani, yule aliyekuwa akiniudhi kila likizo. "Umesema nani?"

"Wifi. Mpe simu nimsalimie."

"Dada," akasema, na sasa alikuwa anacheka chini chini, "hatujafunga ndoa. Saa moja asubuhi awe hapa anafanya nini?"

Kweli bwana. Nikamwambia basi nipe namba yake. Akaanza kuitaja polepole, kama anavyonitajia bei za saruji, nami naandika nyuma ya kasha la diski kwa kalamu ya Signora. Ikaingia sauti ya yule mwanamke wa kwenye kadi, kwamba imebaki dakika moja, ambayo siku zote haikuwa dakika. Zilipobaki tarakimu mbili, simu ikakata.

Kumwacha mgonjwa peke yake ilikuwa marufuku, hata kwa dakika tano. Nikamsikiliza Signora anavyokoroma. Nikavaa koti juu ya gauni la kulalia, nikashuka ngazi kwenda duka la pembeni kutoa dola tano nyingine.