Rangi ya Mkanda wa Baharia

Mjomba wangu alikuwa baharia, na safari yake ya mwisho alirudi Tanga na kasha la kanda 11 za video. Mama alilifungua sebuleni kwetu, Ngamiani barabara ya tisa, akazitoa moja moja akidhani chini yake pana kitu kingine. Hakikuwepo. Akalisukuma kasha upande wangu, akasema, "Haya mpenda picha, mjomba wako kakukumbuka."

Ilikuwa 1995, nami nina miaka kumi na minane. Kanda zenyewe hazikuwa za dukani. Zilirekodiwa nyumbani, na ubavuni mwa kila moja palibandikwa karatasi yenye maneno ya Kifaransa, mwandiko ni wa mtu mmoja. Mjomba alizipata Marseille kwa Mngazija aliyekuwa na mazoea ya kurekodi picha za kale zinazoonyeshwa usiku wa manane kwenye televisheni za kule. Mtu yule sikumjua, ila mwandiko wake naujua mpaka leo. Herufi zake zimelala kidogo kulia, na kila jina la picha kalipigia mstari kwa rula.

Nilikuwa tayari na kanda zangu kumi na kitu, nyingi za Kihindi, na mbili tatu nilizozichukua kwa watu waliokuwa wanahama mji. Moja ilikuwa ya wale samurai saba wa Mjapani Kurosawa. Picha ile ina zaidi ya saa tatu, na aliyeirekodi alitumia mkanda wa saa tatu, kwa hiyo mwisho wake hatukuuona kwa miaka. Salehe, rafiki yangu wa toka madrasa, alikuwa akiutunga mwisho huo upya kila tukiitazama, na kila mara samurai waliobaki hai walikuwa tofauti.

Kutunza kanda Tanga ni kazi. Hewa ya chumvi na joto la masika huleta ukungu, unga mweupe unaoota pembeni mwa utepe. Ukitia mkanda wa namna hiyo kwenye deki, hedi zinachafuka, na kila mkanda utakaofuata utaonyesha chenga tupu. Nilijifunza kuzisimamisha wima kama vitabu, kuzizungusha zote mbele na nyuma kila baada ya miezi michache ili utepe upate hewa, na kusafisha hedi kwa spiriti na kitambaa laini, taratibu, bila kuzisugua juu na chini. Nilijifunza pia kuvunja kile kijino cha plastiki mgongoni mwa mkanda ili mtu asirekodi juu yake. Hilo nililijua baada ya picha yangu moja nzuri kugeuka harusi ya watu wa Makorora.

Zile kanda 11 tulizitia moja baada ya nyingine kwenye deki yetu iliyotoka Dubai kupitia Unguja. Zote zilicheza vizuri, sauti safi, picha imetulia. Na zote zilikuwa nyeusi-nyeupe. Tukaamini kwamba yule bwana wa Marseille alipenda picha za kale tu, na hilo likanifanya nimheshimu zaidi.

Mbili ndizo tulizozirudia mpaka tukazijua kila pumzi. Ya kwanza tuliiita Baiskeli, ile ya Mtaliano De Sica ya mwaka 1948, ya mtu aliyeibiwa baiskeli siku ya kwanza ya kazi na kuzunguka mji mzima na mwanawe kuitafuta. Ya pili iliandikwa Le Mandat. Hiyo Kifaransa chake kingi kilikuwa kwenye maandishi ya chini. Watu wake walikuwa weusi kama sisi, wamevaa makanzu mapana, wanasalimiana kwa salamu ya Kiislamu na kusema alhamdulillahi, halafu wanaendelea kwa lugha tusiyoijua hata neno. Stelingi wake ni mzee Dieng, mwenye tumbo na wake wawili. Hapigi mtu, haimbi. Picha inaanza kinyozi akimnyoa nje, barazani, mpaka nywele za puani anaziingiza wembe.

Salehe ndiye aliyeitambua. Tarishi alipoleta barua, na mzee akaenda posta akaambiwa alete kitambulisho, na kupata kitambulisho akatakiwa alete picha na cheti cha kuzaliwa, Salehe akaruka kitini. "Hii si Hawala ya Fedha?" Akakimbia kwao, akarudi na kitabu chake cha shule, tamthiliya ya Amandina Lihamba, kimechakaa, jalada limeshonwa kwa uzi. Ndivyo tulivyojua kwamba tunatazama picha ya Ousmane Sembène wa Senegali, na kwamba hadithi aliyoichukua Bi Lihamba kuifanya mchezo wa jukwaani ndiyo hiyohiyo mwandishi mwenyewe aliyoifanya sinema mwaka 1968, kwa Kiwolofu. Toka siku ile tukawa tunaitazama kitabu kikiwa magotini, tunabahatisha nani anasema nini.

Mzee Mbwana alianza kuja baada ya hapo. Alikuwa jirani, na ujana wake wote aliumaliza kwenye chumba cha mashine cha sinema, enzi ambazo Majestic ilikuwa ikijaa mpaka watu wanarudishwa mlangoni. Mimi nilizoea kwamba mwenye kujua picha ni aliyekaa ukumbini. Mzee Mbwana aliziona zote kutoka nyuma, kupitia tundu la ukutani, na alijua mambo ambayo sisi hatukuwa hata na maneno yake.

Kwa mfano lile doa. Kila baada ya muda, pembeni juu, mkono wa kulia wa picha, lilitokea doa dogo la duara, likatoweka mara moja. Baada ya sekunde saba au nane likatokea la pili. Nilidhani ni ubovu wa mkanda. Lakini niliona kwamba doa la kwanza likitokea, mkono wa kulia wa Mzee Mbwana, popote ulipo, hata kama umeshika kikombe cha kahawa, ulikuwa unainuka. La pili likitokea, ulishuka.

"Shikamoo yangu kwa doa hilo," alinijibu nilipomuuliza. "Ruli moja ya filamu ni kama dakika ishirini. Una mashine mbili. Doa la kwanza unawasha mota ya mashine ya pili. La pili, unabadili. Ukichelewa, ukumbi unaona kiza, na watu wa chini wanaanza kukutukana wewe na mama yako." Aliniambia hivyo bila kucheka. Miaka mingi ameacha kazi na mkono bado ulikuwa kazini.

Ugomvi wetu ulianza usiku aliosema, "Picha hii ina rangi."

Tukamwambia haina, anaiona mwenyewe. Akaomba tutie Baiskeli. Tukatia. Akaomba turudishe ya Msenegali. "Tazameni kivuli," akasema. "Kule kwenye baiskeli nyeusi ni nyeusi. Mtu akisimama mbele ya ukuta, unamwona katoka. Aliyeipiga alijua hana rangi, akaweka taa zake ili vitu vitengane. Hii nyingine ni uji. Kiti na ukuta vimekaa pamoja, nguo ya mke mkubwa na nguo ya mke mdogo kijivu kimoja. Aliyepiga hakuhangaika kuvitenga, maana alijua rangi itavitenga."

Nikamjibu neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka linanichoma. Nilimwambia, "Mzee, Senegali mwaka 1968, rangi wangeipata wapi?"

Alinitazama kwa muda. "Mother India ni ya 1957. Niliizungusha kwa mikono hii, na ina rangi. Mhindi apate, Mwafrika asipate kwa nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, na kwa kuwa sikuwa nalo nikazidi kubisha. Tulibishana hivyo karibu miaka mitatu. Kila alipokuja alileta hoja mpya: mara kitambaa cha kilemba, mara ngozi ya uso juani. Salehe alihama upande mara mbili. Mimi nilibaki palepale, nikiamini macho yangu na deki yetu.

Mwaka 1998 Bi Zaliha alirudi kuishi Tanga, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa Mngazija aliyekaa Marseille na marehemu mumewe miaka mingi, na alirudi na vyombo vyake vyote, televisheni na deki vikiwemo. Watu walimshangaa, kwa sababu televisheni ile ilipounganishwa na antena ya hapa haikuonyesha vituo vyetu sawasawa. Fundi wa mtaani alimwambia kifaa kimekufa. Yeye akasema hakijafa, kule kilikuwa kizima, basi akakifunika kitambaa.

Nilimpelekea mkanda kwa sababu ya Kifaransa tu. Nilitaka atusomee maandishi ya chini. Nilikwenda naye Salehe, Mzee Mbwana akatufuata na mkongojo wake, na tulipoingia nikapiga hodi na shikamoo, nikamweleza. Bi Zaliha akaitazama ile karatasi ubavuni mwa mkanda, akausoma mwandiko, akasema, "Huu umerekodiwa kule. Basi tuutie kwenye mashine ya kule." Akaondoa kitambaa.

Sababu nimekuja kuielewa baadaye. Ufaransa walitumia mfumo wa rangi za televisheni uitwao SECAM, sisi huku ule wa PAL. Mistari ya picha ni idadi ileile, 625, na kasi ni ileile, ndiyo maana mkanda wao ulicheza kwetu bila kuyumba. Mwanga na kivuli husomeka pande zote mbili. Kinachotofautiana ni namna rangi inavyofungwa ndani ya mawimbi. Deki yetu haikuwa na ufunguo wa kuifungua, ikaiacha. Miaka mitatu yote rangi ilikuwa imelala kwenye utepe ule, inapita mbele ya hedi kila Ijumaa usiku, na sisi tunabishana kama ipo.

Kinyozi akatokea. Mchanga ukawa mchanga. Ngozi za watu, ambazo kwetu zilikuwa majivu, zikawa ngozi, na jasho likawa linang'aa juu yake. Kanzu ya mzee Dieng ilipita mlangoni na nikaona kwamba ni nguo ya mtu anayetaka kuheshimiwa, jambo ambalo kitabu kilikuwa kimeniambia na macho yangu yalikuwa hayajaliamini. Wake zake wakakaa mkekani, huyu huku na huyu kule, na kila mmoja alikuwa na nguo yake.

Salehe alisema, "Laa ilaha illa Llah." Mimi sikusema kitu. Niligeuka kumtazama Mzee Mbwana, nikitegemea aniambie lolote, na ningelipokea. Hakunitazama. Alikuwa amesogeza kigoda mpaka magoti yanakaribia kioo.

Bi Zaliha akaanza kutusomea. Mwanzoni alisoma kama mwalimu, sentensi kwa sentensi, kisha akaanza kugombana na watu wa kwenye picha. Ilipofika barua ya yule mpwa aliyeko Paris anayefagia barabara, akatusomea hesabu: ametuma 25,000. Zake za kuwekewa ni 20,000, za mama yake 3,000, na za mzee Dieng mwenyewe ni 2,000.

"Elfu mbili tu?" Salehe akauliza. Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuja kukopa na kuomba mchele kwa ajili ya fedha ambazo karibu zote si za yule mzee. Tulikuwa tukimwona ni mtu mwenye bahati anayezuiwa na makarani. Kumbe alikuwa amebeba amana.

Bi Zaliha alinyamaza hapo, maandishi mawili matatu yakapita bila kusomwa. "Nami nimetuma," akasema. "Miaka kumi na sita." Akajifuta kwa ncha ya mtandio, akaendelea pale alipokuta.

Baadaye niliposoma kwamba Sembène mwenyewe alikuwa kuli wa bandari Marseille kabla hajawa mwandishi, nilimwandikia Salehe, wakati huo yuko Dar, kurasa nne. Na kanda zilizobaki tulizipitisha zote kwa mashine ya Bi Zaliha wiki ile. Kati ya 11, nne zilikuwa na rangi. Zile saba za nyeusi-nyeupe kweli Mzee Mbwana alikuwa ameshazitaja zote kabla hatujazitia.

Lakini usiku ule hatukufika huko. Dieng alikuwa anatoka ofisi hii kwenda ile, Bi Zaliha anasoma, nje kuna mtu anapita akiuza kashata. Pembeni juu, mkono wa kulia, likatokea doa. Nililiona kwa sababu nilikuwa nimezoea kulisubiri. Nikautazama mkono wa Mzee Mbwana. Ulikuwa gotini, umefunguka, kiganja juu. Sekunde saba. Doa la pili likatokea, likapita, na mkono haukuinuka.