Feni ya umeme ya rejeta pale nafasi inapobana

Ukienda dukani kutafuta feni ya umeme, swali la kwanza utakaloulizwa ni "inchi ngapi?" Swali hilo linakuja mapema mno. Kwenye Corolla DX, Datsun 1200, Suzuki Samurai iliyowekewa injini ya Vitara, au gari lolote dogo ambalo pua ya pampu ya maji inaitazama rejeta, kinachoamua feni ipi itaingia ni kina: milimita zilizopo kati ya uso wa rejeta na kitu cha kwanza utakachogusa ukielekea kwenye injini. Inchi zinafuata baadaye.

Kabla ya kupima chochote, hakikisha tatizo ni la feni kweli. Gari likichemka kwenye foleni na kupoa ukishapata barabara, hewa haitoshi kwenye mwendo mdogo, na hapo feni itakusaidia. Likichemka ukiwa kilomita 80 kwa saa, weka hela yako mfukoni. Kwa mwendo huo upepo wa gari lenyewe unafanya kazi yote, kwa hiyo kagua rejeta iliyoziba, themostati (vali inayofungulia maji kwenda rejeta) iliyokwama, rangi ya kulanti na gasketi ya silinda hedi. Hali ngumu kuliko zote ni ya katikati: mlima mrefu na mzigo nyuma ya lori linalotambaa, kama pale Kitonga, Iringa. Injini inatoa nguvu nyingi na upepo haupo. Feni ichaguliwe kwa hali hiyo. Gari lililosimama sheli linapumua tu, halikuambii kitu.

Kama unaondoa feni ya zamani inayozungushwa na mkanda, ifungue kwanza pamoja na klachi yake ndipo upime, maana hapo utapata sentimita kadhaa ambazo hukuziona. Angalia bolti zake. Kwenye injini nyingi bolti zile zile nne zinashika feni na puli ya pampu. Ukiondoa feni ukazirudisha kama zilivyo, zitakuwa ndefu: zitafika mwisho wa uzi kabla ya kukaza puli, au ncha zake zitatokea nyuma na kukwaruza bodi ya pampu. Tafuta bolti fupi za uzi ule ule, au jazia kwa washa nene zilizolingana. Puli inayocheza huua beringi ya pampu, na hapo utaanza kulaumu feni mpya bila kosa lake.

Sasa chukua kipande cha boksi, kikate kwa ukubwa wa uso wa rejeta, ukisimamishe pale feni itakapokaa. Chora juu yake kila kitu kinachokuja mbele: pua ya pampu, puli, alteneta, paipu ya juu. Kando ya kila mchoro andika umbali wake kwa milimita. Ramani hiyo itakuonyesha jambo ambalo kipimo kimoja hakiwezi kukuonyesha, kwamba nafasi haiko sawa kila mahali. Mbele ya pua unaweza kuwa na mm 95, lakini ukisogea sentimita kumi pembeni zikawa mm 150.

Hapo ndipo siri ya kazi nzima ilipo. Feni ya umeme ni nene katikati tu, kwenye mota. Pembeni, kwenye ringi na mapanga, ni nyembamba sana. Kwa hiyo mota haina lazima ya kutazamana na pua ya pampu. Isogeze upande, ikae kwenye shimo kati ya puli na alteneta, na ghafla feni uliyodhani haiwezi kuingia inaingia.

Tufanye hesabu. Feni nyembamba za kununua mpya huwa na unene wa mm 50 hadi 65 mahali pa mota, na zile za nguvu zaidi hufika mm 80 na kupita. Chukua ya mm 60. Shraudi, yaani kava linaloikusanya hewa, inataka angalau mm 25 kati ya uso wa rejeta na feni. Tayari ni mm 85. Ongeza mm 25 za usalama, kwa sababu injini haitulii: ukifunga breki kwa nguvu au ukiingia shimoni, inasogea mbele kwenye maunting zake (mipira inayoishikilia), na maunting zikichoka inasogea zaidi. Jumla ni mm 110. Mbele ya pua una 95, basi pale haiendi. Pembeni una 150, basi inaenda na nafasi inabaki.

Ila ili uweze kuisogeza, feni isijaze rejeta nzima. Tuseme uso wa rejeta ni mm 450 kwa upana na 350 kwa kimo. Feni ya inchi 12 ina mapanga ya mm 305, lakini fremu yake ni kama mm 330, kwa sababu inchi wanazotaja ni za mapanga na fremu huongeza mm 20 hadi 30. Ukiiweka katikati, inaweza kwenda mm 60 tu kila upande, na juu na chini haina pa kwenda. Feni ya inchi 10, fremu ya mm 280 hivi, inasogea mm 85 kila upande na mm 35 juu au chini. Mara nyingi tofauti hiyo ndiyo inayoiepusha mota na pua ya pampu. Mimi niko upande wa inchi 10 yenye shraudi kamili na nafasi ya kupumua, kuliko inchi 12 iliyobanwa hadi ikaegemea mapezi ya rejeta.

Watu wengi hukimbilia feni mbili ndogo. Ni wazo zuri kama rejeta ni pana na fupi, kwa sababu mota mbili hukaa kushoto na kulia, pua ikabaki katikati yake. Lakini piga hesabu ya fremu. Mbili za inchi 9 zinahitaji karibu mm 500 kwa upana, kwa hiyo kwenye rejeta yetu ya 450 hazikai. Za inchi 8 zinakaa kama fremu zake hazizidi mm 225 kila moja, lakini mapanga yake mawili yanafunika eneo la kama mita za mraba 0.065, wakati inchi 12 moja inafunika 0.073. Na sehemu ya katikati ya kila feni ni mota, haivuti hewa. Mbili si lazima ziwe nyingi kuliko moja.

Namba ya hewa iliyoandikwa kwenye boksi, kwa futi za ujazo kwa dakika au mita za ujazo kwa saa, isikutie wazimu. Futi moja ya ujazo kwa dakika ni sawa na mita 1.7 za ujazo kwa saa, kwa hiyo geuza kwanza kabla ya kulinganisha feni mbili. Halafu kumbuka kwamba namba hiyo hupimwa feni ikiwa wazi, haina kizuizi. Ukiiweka nyuma ya rejeta nene yenye kondensa ya AC mbele yake, hewa inashuka sana, na feni yenye mota dhaifu inashuka kuliko zote. Dalili nzuri ya nguvu ya kweli ni umeme inaokula. Feni ya inchi 12 inayotumia ampea 5 haiwezi kufanya kazi ya ile inayotumia 12, hata boksi liandikwe nini.

Shraudi nitaisisitiza, kwa sababu ndiyo watu wanayoiacha. Feni isiyo na shraudi inavuta hewa kwenye duara lake tu. Kwenye rejeta yetu, duara la inchi 12 ni asilimia 46 ya uso, na zaidi ya nusu ya rejeta uliyoilipia inakaa bure gari likisimama. Shraudi ya bati la alumini la mm 1.5, iliyokunjwa pembe nne na kuzibwa ukingoni kwa mpira wa mlango, inalazimisha hewa ipite kila mahali. Huna mm 25 za kina? Hata mm 15 ni afadhali kuliko kuifunga feni moja kwa moja kwenye mapezi. Kama gari linakimbia sana barabara kuu, toboa madirisha kwenye pembe za shraudi na uyafunike kwa vipande vya mpira vinavyoning'inia kwa nyuma. Feni ikivuta, mpira unafunga. Gari likikimbia, upepo unausukuma na kutoka.

Zile pini za plastiki zinazochomekwa katikati ya mapezi na kukazwa kwa kofia, achana nazo. Feni inatikisika, pini inasaga mirija taratibu, na baada ya miezi una rejeta inayovuja kwenye matundu manne. Funga shraudi kwenye fremu ya rejeta au kwenye bodi ya gari, kwa bolti za M6 na washa za mpira.

Je, ikishindikana kabisa nyuma? Weka mbele, feni ya kusukuma. Inafanya kazi, ila kwa ukubwa ule ule inapoza pungufu kuliko ya kuvuta, na gari likikimbia mwili wake unaziba njia ya upepo. Nunua iliyotengenezwa kusukuma. Kugeuza nyaya kunageuza mzunguko wa mota, lakini mapanga yaliyopinda yanabaki yanatazama upande wa zamani na hewa inapungua sana. Baadhi ya feni zinaruhusu kuchomoa panga na kuligeuza. Ikiwa yako inaruhusu, geuza vyote viwili, panga na nyaya. Kisha pima kwa karatasi: feni ikiwaka, karatasi uliyoishika mbele ya grili inatakiwa kunyonywa na kubandika. Ikirushwa, hewa inakwenda kinyume na inapigana na upepo wa barabarani.

Kwa wanaonunua feni za mtumba, Gerezani (Dar es Salaam), barabara ya Kirinyaga (Nairobi) au Kisekka (Kampala), zilizotoka kwenye Vitz, Starlet, Alto na March ni nzuri na bei yake inavumilika. Mara nyingi feni ya kondensa ni nyembamba kuliko ya rejeta ya gari lile lile, kwa hiyo omba zote mbili uzione. Nenda na rula. Shika panga ulivute mbele na nyuma: likicheza, bushi imekwisha. Zungusha kwa mkono: liendelee kidogo kisha litulie, bila kukwama mahali pamoja. Halafu iunganishe feni kwenye betri na uipime kwa clamp mita, kipimo cha ampea kinachobana waya. Mara ya kwanza umeme unaruka juu mara mbili au tatu ya kawaida, kisha unashuka na kutulia. Usiposhuka, au ukipandapanda, rudisha.

Kosa linalojirudia na mitumba hii ni swichi ya joto ya Toyota za miaka ya 1990. Nyingi zimefungwa (zinapitisha umeme) zikiwa baridi, na zinafunguka (zinakata) maji yakifika kama nyuzi 93. Ukiiunganisha na rilei ya kawaida, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, feni itazunguka injini ikiwa baridi na kuzima injini ikichemka. Ukijaribu kuirekebisha kwa kutumia mguu wa 87a, unaopitisha umeme rilei ikiwa haijawashwa, itazunguka vizuri, lakini ukizima gari rilei inaachia na feni inawaka mpaka betri iishe. Ndiyo maana kiwandani wanapitisha umeme wa feni kwenye rilei nyingine inayotii ufunguo. Njia rahisi ni kununua swichi inayofunga ikipata moto, ile iliyoandikwa 92–87: inawasha kwa nyuzi 92, inazima kwa 87. Nyingi zina uzi wa M22 x 1.5. Ukiiweka kwenye paipu ya juu kwa kiungo cha alumini, joto lake la kuzima lizidi la themostati yako. Themostati ya 88 na swichi inayozima kwa 87 maana yake feni haitapumzika. Tumia themostati ya 82. Na kama swichi ina waya mmoja, kiungo hicho kipewe athi yake, maana kimezungukwa na mpira pande zote.

Umeme wa feni utoke betri moja kwa moja: fyuzi ya ampea 20 au 25 karibu na betri, waya wa mm 4 za mraba kwenda mguu wa 30 wa rilei, na kutoka 87 kwenda kwenye feni. Miguu ya 85 na 86 ndiyo ya ufunguo na swichi. Usichukue umeme wa feni kwenye laini ya ufunguo. Feni inayozungushwa na upepo inazalisha umeme, na kwenye magari ya kabureta inaweza kulisha koili na injini ikaendelea kuunguruma baada ya kuzima. Fikiria pia alteneta. Ya zamani ya ampea 45 haitoi zote injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka taratibu bila kukanyaga mafuta. Taa kubwa zinakula kama 10, feni 12, waipa na redio juu yake, na usiku wa mvua kwenye foleni betri inaanza kulipa deni.

Ukimaliza, pima ukiwa umefunga boneti, saa sita mchana, AC ikiwaka kama ipo. Boneti wazi inadanganya, kwa sababu hewa moto inatoroka badala ya kuzunguka na kurudi mbele ya rejeta. Ziba kwa sponji mianya yote kati ya rejeta na bodi. Feni iwake, izunguke dakika chache, izime, iwake tena. Isipozima kabisa wakati AC haipo, ama hewa haitoshi ama swichi ni ya joto la chini mno. Gusa mita kwenye plagi ya feni ikizunguka: ikiwa pungufu ya betri kwa zaidi ya nusu volti, kuna waya mwembamba au athi mbovu, na kila nusu volti inayopotea ni hewa inayopotea.

Baada ya wiki moja, kaza tena bolti za shraudi, kisha shika taa uchungulie kati ya mota na puli. Alama yoyote mpya inayong'aa kwenye mgongo wa mota ina maana injini imeifikia. Hapo badilisha maunting kwanza, kabla hujasogeza feni.